Chakula cha Mimea Kisichotoka Hewani
Mazungumzo na wakulima wa miteremko ya Mlima Meru



Leo nataka tuzungumze habari za kitu msichoweza kukiona kwa macho, lakini kila msimu mnakibeba mabegani na kukipakia katika magari. Kukosekana kwake mmekwisha kukuona. Wiki tatu au nne baada ya mahindi kuota, pita shambani ukaangalie majani ya chini. Mahali pengine utaona majani yamegeuka rangi ya zambarau kuanzia nchani na pembeni, mashina ni membamba, na mimea imedumaa ingawa mvua imenyesha vizuri. Watu wengine husema ni baridi. Ni kweli kwamba baridi huweza kuleta rangi hiyo kwa siku chache, kisha jua likiwaka mmea hupona. Lakini rangi ikikaa, na mmea ukizidi kudumaa, fahamu ya kuwa mmea huo una njaa. Chakula unachokikosa huitwa fosforasi.

Maharagwe yenye njaa hii hayageuki zambarau. Huwa madogo tu, majani yake ya kijani kilichokolea, maua machache na maganda machache zaidi. Kwa hiyo wengi hawatambui kasoro mpaka siku ya kupiga maharagwe, wanapoona gunia halijai.

Hakuna kiumbe kinachoweza kuishi bila fosforasi. Katika mwili wa mtu mzima imo kama gramu 700, na sehemu kubwa sana, kama 85 katika 100, imo katika mifupa na meno. Iliyobaki imo katika damu, nyama, ubongo na kila mahali palipo na uhai, maana ndiyo inayosaidia mwili kuhifadhi na kutumia nguvu zitokazo katika chakula. Mmea nao ni hivyo hivyo. Mmea huitumia kuotesha mizizi, kuchanua na kujaza mbegu. Mjerumani mmoja, Hennig Brand wa Hamburg, ndiye aliyeitoa kwanza peke yake mwaka 1669. Alikuwa akitafuta dhahabu, akachemsha mikojo mingi mpaka ikakauka, na mwisho akapata kitu kinachong'aa gizani. Dhahabu hakuipata, lakini alikuwa ameonyesha ya kuwa kitu hiki hupita katika miili yetu kila siku. Jambo hilo tutalirudia.

Sasa, imetoka wapi? Hapa ndipo penye neno kubwa la leo. Chakula kingine cha mimea kiitwacho naitrojeni kimejaa hewani. Mharagwe, kwa msaada wa vijidudu vilivyomo katika vinundu vya mizizi yake, huweza kuichukua hewani na kuitia katika udongo. Fosforasi haimo hewani. Mvua hailetani nayo, ila vumbi kidogo tu. Asili yake ni mawe. Mawe ya Mlima Meru, na majivu yaliyotupwa na mlima huo zamani, huliwa polepole na maji ya mvua na mizizi, na fosforasi hutoka humo kidogo kidogo. Mzizi huinyonya, mmea hukua, ng'ombe au mtu hula mmea, kisha samadi na mabaki na mwisho miili yenyewe hurudi ardhini, na mzizi mwingine huinyonya tena. Katika msitu ulio juu yetu kazi hiyo imeendelea miaka maelfu, na hakuna mtu aliyewahi kupeleka mfuko wa mbolea huko. Jani likianguka huoza pale pale chini ya mti wake.

Shambani kwako jani haliangukii chini ya mti wake. Linapanda gari.

Hebu tupige hesabu. Katika gunia moja la mahindi la kilo 100 imo karibu gramu 300 za fosforasi. Ekari moja ikikupa magunia ishirini, basi umeondoa karibu kilo 6. Lita moja ya maziwa ina karibu gramu moja. Ng'ombe anayetoa lita 3,000 kwa mwaka amekupunguzia kilo 3, ingawa maziwa yanaonekana kama maji meupe tu. Maharagwe nayo huchukua sana, kilo kwa kilo hata kuliko mahindi. Ndizi na kahawa huchukua kidogo zaidi. Sasa vitu hivi vinakwenda wapi? Vinakwenda soko la Tengeru, na Kilombero, na Soko Kuu la Arusha. Watu wa mjini wanakula, wanashiba, na fosforasi ya shamba lako inaingia katika vyoo vya mji na majalala yake. Nyingine huoshwa mpaka Mto Themi, ambao huungana na Kikuletwa, na Kikuletwa humwaga maji yake katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Huko mimea midogo ya majini huila, na perege hula mimea hiyo. Perege huvuliwa, hukaushwa, na mama wa Arusha hununua. Mifupa yake hutupwa. Iliyompita perege huenda na Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi, hushuka kwenye tope la chini, na huko hukaa mpaka tope ligeuke jiwe na jiwe liinuliwe juu ya maji. Hayo huchukua miaka mamilioni. Mkulima hawezi kungoja.

Na si mazao tu yanayoondoka. Fosforasi hushikamana na chembe za udongo, hasa za juu. Mto unapotelemka Aprili maji yake yakiwa ya rangi ya kahawia, basi unaona kwa macho chakula cha mahindi ya mwaka ujao kinapita. Mkulima aliyelima kwa kufuata mteremko hulipa mara mbili: kwanza udongo wake, pili mbolea aliyoinunua kwa fedha. Makinga maji yaliyopandwa majani ya tembo au majani ya Guatemala ukingoni huzuia hasara hiyo, na majani yenyewe hulisha ng'ombe. Sina haja ya kuyaeleza zaidi, mnayajua. Ninachoomba ni kwamba yale yaliyobomoka mwaka jana yatengenezwe kabla ya masika.

Nikitembea katika vijiji vya mlimani naona jambo moja karibu kila mahali. Karibu na nyumba kuna kihamba cha migomba na kahawa. Ng'ombe wamo zizini hapo hapo. Kina mama wanapanda na mizigo ya mabua ya mahindi na majani kutoka mashamba ya chini, wengine kwa vichwa, wengine kwa punda au gari, na ng'ombe wanakula. Samadi inatoka zizini na kwenda wapi? Inakwenda kwenye mgomba wa karibu, kwa sababu ni nzito na nyumba iko hapo. Mwaka baada ya mwaka chakula kinapanda kutoka shamba la chini kwenda kihambani, wala hakishuki. Migomba imenenepa. Shamba la mahindi lililo chini ya barabara limechoka, na mwenyewe hulaumu mbegu.

Lakini tumesema kwamba mahindi na maharagwe ndiyo yanayoondoa fosforasi nyingi, na ndizi kidogo. Basi tunampa aliyeshiba na kumnyima mwenye njaa. Simwambii mtu aunyime mgomba. Mgomba unahitaji samadi kwa sababu nyingine. Nasema gari linalopanda na mabua lisishuke tupu. Lishuke na samadi, hata kama ni mikoba michache, na samadi hiyo isitawanywe ovyo bali itiwe katika mashimo ya mahindi, konzi mbili kwa kila shimo. Hasa shika kinyesi cha ng'ombe, kwa maana fosforasi ya ng'ombe karibu yote hutoka katika kinyesi, wala si katika mkojo. (Kwa binadamu ni kinyume: sehemu kubwa hutoka katika mkojo, na ndiyo sababu Hennig Brand hakupoteza kuni zake bure.) Samadi iliyokauka ya kilo 1,000 huwa na kilo 2 hadi 5 za fosforasi kwa kadiri ya malisho. Ifunike kwa majani ya migomba, isinyeshewe wala kupigwa na jua.

Wengine mnanunua samadi inayoletwa kwa malori kutoka maboma ya nyanda za wafugaji. Ni samadi nzuri. Mjue tu kwamba hiyo ni fosforasi ya malisho yao, imehama kuja kwenu. Na kuna wanaouza samadi yao wenyewe kwa wakulima wa mboga. Mwenye shamba la mahindi anayeuza samadi amefanya biashara ambayo hesabu yake ataiona baada ya miaka mitano.

Sasa mtauliza: mbona udongo wetu ni mweusi, wa majivu ya volkano, na watu husema una rutuba kuliko wote nchini, nao una njaa? Swali hilo ni zuri. Udongo wa Meru una fosforasi, na mahali pengine ni nyingi. Taabu ni tabia yake. Udongo uliotokana na majivu ya volkano, hasa pale juu penye mvua nyingi, huishika fosforasi kwa nguvu sana, kama mtu aliyeweka fedha sandukuni na kutupa ufunguo. Mzizi wapita kando yake na hauwezi kuifungua. Hata mbolea uliyonunua dukani, ukiitawanya juu ya shamba lote na kuichanganya kwa jembe, kila chembe ya udongo hushika sehemu yake, na katika msimu huo mahindi huenda yakapata sehemu moja tu katika tano, au pungufu. Iliyobaki haikupotea kabisa. Nyingine hufunguka miaka inayofuata. Lakini fedha yako ulitaka ikurudie mwaka huu.

Dawa yake ina sehemu mbili. Ya kwanza, mbolea ya fosfati itiwe ndani ya shimo la mbegu, wala isirushwe. Fosforasi haitembei udongoni. Husogea milimita chache tu, kwa hiyo isipokuwa karibu na mzizi ni kama haipo. Kizibo kimoja cha soda cha mbolea ya kupandia, kama DAP au TSP, ndicho kipimo cha shimo moja lenye mbegu mbili. Mkipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, ekari nzima itatumia karibu mfuko mmoja wa kilo 50, na mfuko huo una kama kilo 10 za fosforasi. Linganisheni na zile kilo 6 za magunia ishirini. Tia kizibo chako, funika kwa udongo kidogo, kisha ndipo uweke mbegu, maana mbegu ikigusana na mbolea huungua.

Ya pili, changanya na samadi au mboji humo humo shimoni. Vitu vilivyooza hukalia zile sehemu za udongo zinazoshika fosforasi, na hivyo kuiacha huru kwa mzizi. Tena huwalisha kuvu wadogo wa udongoni, wenye nyuzi nyembamba kuliko unywele, ambao huishi na mizizi na kuifikishia chakula kutoka mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki. Mkulima mwenye kizibo cha mbolea na konzi ya samadi katika shimo moja amefanya vema kuliko mwenye vizibo viwili bila samadi. Asiye na ng'ombe akate alizeti mwitu, ule mmea wa maua ya manjano uotao kandokando ya barabara na mifereji. Majani yake mabichi huoza upesi na yana chakula kingi. Lakini na hayo pia yametoka mahali fulani. Mkiyakata kila mwaka ukingo ule nao utachoka.

Sasa niwaambie habari za Minjingu, kwa sababu ni jambo la kwetu na wengi hulisikia nusu nusu.

Mkitoka Arusha kwa barabara ya Babati, baada ya kama kilomita 100, kuna kilima upande wa mashariki wa Ziwa Manyara. Zamani sana ziwa hilo lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo, na kilima hicho kilikuwa kisiwa ndani ya maji. Mvua ilikuwa ikiosha fosforasi kutoka katika milima na nyanda zilizouzunguka ule bonde na kuitia ziwani. Samaki walikula vilivyoota majini. Ndege waitwao mnandi, wale weusi wapigao mbizi, walikula samaki, wakarudi kulala na kuzaa kisiwani kwa makundi makubwa. Waliacha kinyesi chao, mifupa ya samaki, na mifupa yao wenyewe, kizazi juu ya kizazi, mpaka tabaka zikawa nene. Ziwa likapungua, kisiwa kikabaki nchi kavu. Kwa hiyo fosforasi iliyokuwa njiani kupotea katika tope iligeuzwa njia na ndege ikarudi juu. Mtu alikuja kuigundua mwaka 1956, na hata hakuwa akiitafuta: ilikuwa ni ndege ya chuma iliyokuwa ikipima madini ya urani kutoka angani. Uchimbaji ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, na jiwe lilipelekwa kwenye kiwanda cha mbolea cha Tanga mpaka kiwanda hicho kilipofungwa. Siku hizi husagwa na kutengenezwa Minjingu penyewe, na huuzwa kama unga, au chenga, au ikiwa imechanganywa na vyakula vingine vya mimea. Katika kilo 100 za unga wa jiwe laini zimo karibu kilo 12 au 13 za fosforasi.

Mbolea hii si ya kila shamba. Jiwe hilo huyeyuka likikuta udongo wenye uchachu. Penye mvua nyingi na udongo mchachu, kama huko juu mlimani na katika wilaya nyingi za magharibi mwa Kenya ilikojaribiwa, hufanya kazi vizuri na hudumu miaka kadhaa. Lakini penye udongo wa magadi au chokaa, kama sehemu nyingi za tambarare kavu zilizo chini ya mlima, unga hukaa udongoni kama mchanga.

Mimi mwenyewe nilikosea jambo hili. Nilipokuwa mgeni kazini nilimshauri mzee mmoja wa upande wa tambarare anunue mifuko minne ya unga huo. Aliuza mbuzi wawili. Mavuno yake yalikuwa sawasawa na ya jirani yake asiyetia kitu. Hakunigombeza. Mwaka uliofuata alinionyesha udongo wake, akaupura kwa kisigino, na ule unga ulikuwa bado unaonekana. Tangu siku hiyo simwambii mtu anunue Minjingu kabla ya udongo wake kupimwa.

Tena angalieni neno moja. Wengine wamesikia ya kuwa jiwe hilo lina madini ya mifupa, wakataka kuwapa ng'ombe walambe. Msifanye hivyo. Jiwe la fosfati lina floridi nyingi, kitu kile kile kilichomo katika maji ya sehemu nyingi za Meru na kinachowatia watoto wetu meno ya kahawia. Ng'ombe akizidishiwa, meno yake huharibika na viungo vyake hukakamaa. Nunueni chumvi ya mifugo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Mifupa ya buchani ni mbolea nzuri kwa asiye na fedha. Ichome mpaka iwe myeupe na kuvunjika upesi, isage kwa jiwe, utie mashimoni pamoja na samadi. Hiyo nayo hupenda udongo mchachu. Lakini usiokote kamwe mifupa ya mnyama aliyekufa mwenyewe malishoni, wala usiiguse. Kimeta kipo katika nchi yetu, na vijidudu vyake hukaa udongoni miaka mingi. Habari ya mzoga ipelekwe kwa Bwana Mifugo. Na choo cha shimo kikijaa, kisiachwe wazi: kifukie vizuri, upande mgomba juu yake. Maganda ya kahawa yasimwagwe mtoni. Yarundikwe, yaoze, yarudi chini ya mibuni.

Sasa udongo upimwe vipi? Fanya kazi hii wakati wa kiangazi, kabla hujatia kitu chochote shambani. Chukua ndoo safi, isiyowahi kubeba mbolea wala majivu. Tembea shambani kwa kwenda upande huu na upande ule, ukichimba mahali kumi na tano au ishirini, kina cha sentimita 20, yaani kadiri ya jembe. Epuka palipokuwa na zizi, jalala, kichuguu au kivuli cha mti. Kila mahali chota udongo kidogo uutie katika ndoo. Changanya, ondoa mawe na mizizi, anika kivulini juu ya karatasi, kisha funga nusu kilo katika mfuko. Andika jina lako, kijiji, na zao ulilolima mwaka jana. Kihamba na shamba la mahindi ni mifuko miwili tofauti, wala usiichanganye. Mpe Bwana Shamba wako, naye ataipeleka kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, kama Selian hapa karibu na Arusha, au Mlingano huko Tanga, ambako ni kituo cha taifa cha utafiti wa udongo. Uliza mambo mawili: uchachu wa udongo ni kiasi gani, na fosforasi ambayo mmea unaweza kuipata ni kiasi gani. Majibu huchukua muda. Mtakaopanda masika ya Machi, mifuko yenu iwe imekwisha kuondoka kabla ya Krismasi.